Mpagazi Ananyongwa, Mwenye Mzigo Yuko Wapi?



Katika nchi ya Singapore mzani mdogo, kama ule wa kupimia dhahabu, ndio unaoamua nani afe na nani aishi. Sheria yao ya mwaka 1973 juu ya madawa ya kulevya, iliyokazwa mwaka 1975, yasema hivi: mtu akionekana ana hatia ya kusafirisha heroini safi inayozidi gramu 15, sharti anyongwe. Gramu 15! Ni kama vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari. Kwa kokaini kipimo ni gramu 30. Kwa bangi ni gramu 500. Chini ya vipimo hivyo mtu hufungwa miaka mingi na kupigwa viboko. Juu yake ni kamba. Na washtaki wa serikali wenyewe pengine huandika katika mashtaka gramu 14.99, ili mtu huyo asinyongwe. Basi kati ya uhai na kifo cha mwanadamu kuna chembe ya unga isiyoonekana kwa macho.

Kwa nini tuandike habari za nchi ya mbali? Kwa sababu siku hizi vijana wa Kongo na wa nchi jirani wanasafiri. Wanakwenda Dubai na Guangzhou kununua vitambaa, simu na vyombo, wanarudi kuuza. Na China nayo ina mzani wake: kifungu cha 347 cha sheria yake ya makosa chasema kwamba msafirishaji wa gramu 50 za heroini au zaidi atafungwa miaka 15, au maisha, au atauawa. Karibu yetu, nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2015 yaweza kumpeleka msafirishaji gerezani kwa maisha yake yote. Mwana wako akipewa mfuko uwanjani pa ndege na mtu asemaye, “Nisaidie, mizigo yangu imezidi kilo”, mambo haya si ya mbali tena. Yamefika mlangoni pako.

Kabla ya kuendelea, tufahamiane vizuri. Hatuyatetei madawa haya. Heroini ni sumu. Kwa miaka mingi ile ya Afghanistan imepita bahari ya Hindi kwa majahazi mpaka pwani ya Kenya, ya Tanzania na ya Msumbiji, na njiani imeacha makombo yake. Waliokwenda Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wamewaona mateja: vijana wamekonda, wamelala vichochoroni, wameuza hata vyombo vya mama zao. Mtu anayeleta sumu hiyo kwa ajili ya fedha ana kosa, na kosa lake ni kubwa. Afungwe. Hilo hatubishi.

Tunalobishia ni hili: sheria inayoutazama mzigo na kutomtazama mtu. Sheria ya namna hiyo hujiita kali, kumbe ni kali kwa mnyonge na laini kwa mkubwa.

Wazee wetu walijua habari za wapagazi. Zamani za Tippu Tip misafara mirefu ilitoka Manyema ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, na pembe za ndovu mabegani mwa watu. Je, ni nani aliyesema pembe zile ni mali ya mpagazi? Alizibeba yeye, mabega yake yakachubuka, pengine akafa njiani. Lakini faida ilimngoja mwingine, aliyekaa barazani Unguja akinywa kahawa. Kila mtu alijua mpagazi ni nani na tajiri ni nani. Leo tribinali zenye vitabu vingi zimesahau neno lililojulikana na watu wasiojua kusoma.

Maana mpagazi wa heroini ni mpagazi vile vile. Katika miji ya Tanzania vijana wamempa jina la kweli: wanamwita “punda”. Punda huyu hummezesha kete, yaani vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa plastiki, kete moja baada ya nyingine, mpaka tumbo linajaa. Kete moja ikipasuka, mtu hufa ndani ya ndege. Au humfungia mzigo pajani. Au humpa sanduku lenye chini mbili, na mzigo umeshonwa katikati. Sasa ulizeni: ni nani aliyeupima unga ule? Ni nani aliyechagua ziwe gramu 14 ama gramu 40 ama kilo mbili? Si punda. Aliyepima ni mwenye mali, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Mara nyingi punda hajui uzito, hajui kama unga ni safi au umechanganywa, na pengine hajui kabisa kilichomo. Na hata hivyo ni uzito ule, uliochaguliwa na mwingine, unaoandika hukumu yake. Tajiri anajaza sanduku, naye kwa kufanya hivyo amekwisha kuchagua adhabu ya mtumishi wake. Je, hiyo ni haki?

Na sheria ya Singapore yaongeza tena. Mtu akishikwa na gramu zaidi ya 2 za heroini safi, tribinali yadhani anaifanyia biashara, mpaka yeye mwenyewe ahakikishe sivyo. Mfuko ukiwa mkononi mwake, yadhaniwa kwamba kilichomo ni chake na anakijua. Desturi ya haki katika mataifa mengi ni kwamba mshtaki ndiye mwenye kuhakikisha. Hapa mzigo wa kuhakikisha umewekwa juu ya kichwa cha yule aliyekwisha kulemewa.

Tazameni habari ya Nagaenthran Dharmalingam, kijana wa Malesia. Mwezi wa Aprili 2009 alishikwa mpakani akiingia Singapore, na kifurushi kimefungwa pajani pake. Ndani yake mlikuwa gramu 42.72 za heroini safi. Mganga mmoja alimpima akili akapata kipimo cha 69, ambacho ni cha chini sana. Majaji walisema alijua alichokuwa anakifanya, nasi hatukuwapo, hatuwezi kuwakana. Lakini hata kama alijua, alijua kama mtumwa anavyojua. Alikaa gerezani miaka 13, mashauri yakaenda yakirudi, na tarehe 27 Aprili 2022 akanyongwa. Yule aliyekifunga kifurushi hakusimama pamoja naye kizimbani.

Sasa wekeni kando yake habari nyingine. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, wa Mombasa, walikuwa mabwana wa biashara hii kwa miaka. Mwaka 2014 watu wao walitoa kilo 99 za heroini na kilo 2 za madawa mengine kwa watu waliodhani ni wanunuzi, kumbe walitumwa na polisi wa Marekani. Kilo 99 ni gramu 99,000. Walipokamatwa, walihonga wakubwa wa Kenya ili wasipelekwe ng’ambo, na kweli shauri likakawia zaidi ya miaka miwili. Mwishoni wakapelekwa New York, wakakiri makosa yao. Baktash Akasha alihukumiwa mwaka 2019 miaka 25, na ndugu yake Ibrahim mwaka 2020 miaka 23.

Hatusemi wangenyongwa, hatumtakii mtu kamba. Twajua pia kwamba nchi ni mbili na sheria ni mbili. Lakini mtu mwenye akili atakosaje kushangaa? Aliyetoa gramu 99,000, mwenye magari na mawakili na fedha za kuhonga, yu hai na siku moja atatoka. Aliyebeba gramu 42 pajani yuko kaburini. Wavuvi wa ziwa Tanganika, ninyi mwajua kazi ya wavu. Ni wavu gani huu unaoshika ndagala na kuwaachia sangala wapite?

Kuna watu wa Singapore waliouona ubaya huo. Mwaka 2012 walitengeneza sheria tena. Tangu hapo mtu aliyekuwa mchukuzi tu aweza kuokoka kamba, akafungwa maisha, kama akili yake ina ugonjwa uliopunguza sana hatia yake, au akafungwa maisha na kupigwa viboko 15 au zaidi, kama mshtaki wa serikali amempa cheti kwamba ameisaidia serikali kweli kuivunja biashara. Hatua hiyo ni njema, twaikiri. Lakini someni vizuri sharti lile la cheti. Ni nani awezaye kuisaidia serikali kweli? Ni yule anayejua majina, nyumba, njia na akaunti za benki. Punda anajua nini? Anajua mtu mmoja aitwaye kwa jina la utani, na namba moja ya simu iliyokufa siku ile aliposhikwa. Akisema yote anayoyajua, na habari zake zisipofaa, hapati cheti. Nagaenthran alikiomba, akakikosa. Kumbe aliye karibu na tajiri ana la kuuza ili anunue uhai wake, na aliye mbali naye hana kitu. Kadiri mtu anavyokuwa mdogo katika biashara hii, ndivyo anavyokaribia kamba.

Tena, kumwua mchukuzi ni kumwua shahidi. Mary Jane Veloso, mama wa watoto wawili kutoka Ufilipino, alishikwa Yogyakarta, nchini Indonesia, mwezi wa Aprili 2010, na kilo 2.6 za heroini zimefichwa katika sanduku lake. Alisema amedanganywa, kwamba alikuwa anatafuta kazi ya nyumbani na sanduku alipewa. Akahukumiwa kufa. Mwezi wa Aprili 2015 alikuwa amekwisha kuagana na watu wake, saa za kupigwa risasi zimebaki chache, ndipo mwanamke aliyeshtakiwa kumpeleka katika safari ile alipojitoa kwa polisi kwao Ufilipino. Serikali ya Indonesia ikasimamisha jambo, kwa kuwa ushuhuda wake ulitakiwa. Wenzake wanane wakapigwa risasi usiku ule, yeye akabaki. Mwezi wa Desemba 2024 alirudishwa nchini kwake. Kama bunduki zingelia siku moja mbele, ni nani angalimshuhudia yule aliyemtuma? Mpelekaji angalilala usingizi mzuri, maana aliyemjua asingalikuwako.

Watu wengine watatujibu: “Bila wapagazi biashara hii itakufa. Wanyongeni wachache, na wengine wataogopa.” Na serikali ya Singapore yasema kwamba kwa ukali wake nchi imepata amani na walevi wa madawa ni wachache. Hatulidharau neno hilo. Lakini kama hofu ya kamba ingetosha, mwaka 2022, miaka 47 baada ya sheria kukazwa, wasingalipatikana watu 11 wa kunyongwa kwa makosa ya madawa. Walipatikana. Na Singapore haina kamba tu. Ina polisi hodari, ina forodha isiyopokea rushwa, ina mipaka midogo inayolindwa. Mwizi haogopi sana ukubwa wa adhabu. Anaogopa uhakika wa kukamatwa. Mahali ambapo askari huhongwa, andikeni adhabu ya kifo mara kumi katika kitabu, mwenye fedha atapita akicheka.

Tena ni nani anayeogopa? Tajiri haogopi, maana si shingo yake. Kwake punda aliyekufa ni hasara ndogo, kama gunia lililoanguka majini. Kesho atamtafuta mwingine, naye atampata: mjane mwenye deni la hospitali, kijana aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa karo, msichana aliyeahidiwa kazi Ulaya. Atamlipia tikiti, atamnunulia nguo, atakula naye mezani. Wazee walisema: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ndivyo ilivyo. Aliyekula nawe hotelini hatakuja siku ya kunyongwa. Atakayelia ni mama yako.

Wengine watasema: “Basi ninyi mwataka mchukuzi aachiliwe.” Hasha! Aliyejua na akachukua kwa tamaa, afungwe kwa kadiri ya tamaa yake. Tunalotaka ni kwamba hakimu, kabla ya kuutazama mzani, amtazame mtu na kuuliza: Mzigo huu ni wa nani? Nani aliyeufunga? Huyu aliahidiwa nini? Je, alitishwa? Alidanganywa? Aliongoza wengine, au aliongozwa? Kisha ndipo auweke unga juu ya mzani.

Wala hili si neno jipya tulilolitunga sisi. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa Vienna mwaka 1988 juu ya biashara ya madawa hayadai kifo kwa mtu yeyote. Katika kifungu cha 3 yanahesabu mambo yanayolifanya kosa kuwa kubwa zaidi: kuwa mtu wa kundi la wahalifu, kutumia nguvu au silaha, kuwatumia watoto, kuwa mkubwa wa serikali na kuitumia kazi yake kwa uovu. Haya yote ni ya mabwana, si ya punda. Na katika kifungu cha 5 yanaamuru mali zilizopatikana kwa biashara hii zinyang’anywe, na yanakataza nchi kukataa kwa kusema ati siri ya benki. Basi silaha ipo! Ielekezwe kwenye nyumba za ghorofa, kwenye mashamba na akaunti. Tajiri haumii mtu wake akinyongwa. Anaumia fedha yake ikichukuliwa.

Nchi nyingine zimekwisha kugeuka. Uingereza, tangu mwezi wa Februari 2012, imewaagiza mahakimu watazame kwanza kazi ya mshtakiwa: alikuwa kiongozi, au mtu wa katikati, au mdogo kabisa. Malesia iliyokuwa ikimnyonga kila msafirishaji kwa lazima tangu mwaka 1983 ilianza kulegeza mwaka 2018, na mwaka 2023 ikaifuta kabisa adhabu ya kifo ya lazima. Marekani nayo ilijifunza kwa uchungu. Sheria yake ya mwaka 1986 ilimpa mtu aliyeuza gramu 5 za kokaini ya mawe kifungo kisichopungua miaka 5, na mwuzaji wa kokaini ya unga alihitaji gramu 500 ili apate adhabu ile ile. Ya mawe ilikuwa zaidi mikononi mwa watu weusi maskini. Magereza yakajaa, na ilipita miaka 24 kabla ya tofauti ile kupunguzwa mwaka 2010. Mzani ulidhaniwa hauna upendeleo. Kumbe aliyeandika namba juu yake ndiye aliyechagua nani aumie.

Hata Hong Kong, ambako tribinali zilizoea kuhesabu miaka kwa gramu, na heroini inayozidi gramu 600 huanzia miaka 20, mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba uzito peke yake hautoshi, lazima kutazama na kazi ya mtu. Huko magerezani wako ndugu zetu wanaosema Kiswahili. Padri mmoja mzee wa Australia, John Wotherspoon, wa shirika la Waoblati, aliwatembelea huko kwa miaka mingi. Mwaka 2013 aliwaomba wafungwa kutoka Afrika, na Watanzania hasa, waandike barua kwao: waeleze jinsi walivyodanganywa, jinsi walivyoshikwa, na miaka waliyopewa. Wakaandika, barua zikatangazwa. Walipokuwa wamekaa vifungoni, hao wapagazi walifanya kazi ambayo kamba haikuiweza: walimwambia punda wa kesho ukweli ambao tajiri humficha. Mtu aliye hai huonya. Aliyenyongwa hanyoshi kidole kumwonyesha bwana wake, wala hamwonyi mdogo wake.

Basi, wasomaji, tufanye nini? Wazazi, waambieni watoto wenu wazi wazi: usichukue mfuko wa mtu uwanjani pa ndege, hata akiwa mjomba, hata akilia. Anayekulipia tikiti ya ng’ambo na kukupa sanduku tayari, mwulize kwa nini hasafiri mwenyewe. Ninyi mnaosomea sheria, siku mtakapokaa katika viti vya hakimu au katika bunge la kutunga sheria, msikubali namba zilizoandikwa tayari zihukumu mahali penu. Na sisi sote, tukisoma katika gazeti kwamba mtu ameshikwa na kilo kadha za unga, tusipige makofi na kwenda kulala. Tuulize swali moja, tuliulize kwa sauti, mpaka polisi na tribinali walichoke masikioni: Huyu ni mpagazi. Mwenye mzigo yuko wapi?